Yemeni: maandamano ya 2011 yaligeukaje kuwa vita vya nchi zote hizi?

Kijana_wa_Bondeni, Mombasa

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Tangu Israel iipige Doha, mji mkuu wa Qatar, tarehe 9 mwezi huu wa Septemba 2025, barazani kwetu hakuna mazungumzo mengine. Baada ya Isha, kahawa ikishamiminwa tu, mmoja anasema hii ndiyo vita kubwa iliyokuwa ikisubiriwa, wa pili anasema ni Sunni na Shia, wa tatu anasema yote ni Marekani. Siku ya pili yake Sana'a, mji mkuu wa Yemeni, nayo ikapigwa, wakafa hata waandishi wa habari wengi, basi ikawa kelele tupu, hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Kwa upande wa babu mzaa mama mimi ni Mshihiri. Tuna jamaa zetu Mukalla, pwani ya kusini ya Yemeni, ambao sijapata kuwaona kwa macho, nazijua sauti zao tu kwa WhatsApp. Tena binamu yangu amepata kazi Salalah, kule Oman, na mama yake hataki kumwachia. Anasema huko kote ni moto mmoja.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka televisheni ikionyesha vijana wa Yemeni wamejaa barabarani wakimtaka rais aondoke, na kweli akaondoka. Sasa ilikuwaje nchi ambayo watu wake walishinda bila kushika bunduki ikaja kupigwa na Saudia, ikapigwa na Marekani na Uingereza, na sasa inapigwa na Israel? Na vita hivi vitaenea mpaka wapi? Naomba anijibu mtu anayeijua Yemeni kwa karibu, si aliyesoma vichwa vya habari.

Pwani_Halisi

Usijisumbue, kaka. Ni Sunni na Shia, basi. Iran inawapa silaha Wahouthi, wale wapiganaji wa kaskazini wanaoishika Sana'a, Saudia inawapa hao wengine. Ugomvi wa miaka 1,400 huwezi kuumaliza wewe na kahawa yako.

Mwalimu_wa_Salalah

Wa alaykumu ssalaam mwanangu. Mimi nimezaliwa Unguja, nikakulia Maskati, na umri wangu wote wa kazi nimesomesha skuli hapa Salalah, saa chache tu kwa gari kutoka mpaka wa Yemeni. Marehemu mume wangu alikuwa akiuza vipuri vya malori Al Mazyunah, lile eneo huru la biashara lililo mpakani, kwa hiyo Wayemeni wamekula na kulala nyumbani kwangu kabla ya vita na wakati wa vita. Nimewasomesha na watoto wao.

Ndugu Pwani_Halisi, kwa heshima zote, nakukatalia. Mwaka 1962 wanajeshi wa Sana'a walimpindua Imamu, kiongozi wa Wazaidi, na Wazaidi ni tawi la Shia. Misri ya Gamal Abdel Nasser ikapeleka maelfu kwa maelfu ya askari kuitetea jamhuri mpya. Nani alisimama na huyo Imamu wa Kizaidi, akampa fedha na silaha kwa miaka? Saudia. Kisha chukua Ali Abdullah Saleh, huyo rais wako wa 2011, aliyetawala tangu 1978. Naye ni Mzaidi kwa kuzaliwa, na ndiye aliyewapiga Wahouthi, Wazaidi wenzake, vita sita huko Sa'ada, kaskazini, baina ya 2004 na 2010. Ndege za Saudia zilimsaidia. Miaka minne baadaye akawakumbatia Wahouthi wale wale. Ukiyaeleza mambo haya kwa madhehebu, kila hatua unakwama.

Mimi nayaeleza kwa karatasi moja iliyotiwa saini Riyadh tarehe 23 Novemba 2011.

Kwanza turudi kwenye hao vijana wako wa televisheni. Walipiga mahema mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Sana'a, mahali wakapaita Uwanja wa Mabadiliko. Nchi ile, mtoto wa kiume anaizoea bunduki tangu mdogo, lakini watu wa makabila walikuja pale wakaziacha silaha zao majumbani. Mgeni asiyeijua Yemeni hawezi kufahamu uzito wa jambo hilo. Wanawake walikuwepo, na mwanaharakati Tawakkol Karman alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka ule ule akiwa bado analala hemani. Ijumaa ya tarehe 18 Machi, watu wametoka kusali, wadunguaji wakawamiminia risasi kutoka juu ya mapaa. Walikufa watu wapatao 50. Hapo jeshi likapasuka, mabalozi wakajiuzulu, na mwezi Juni bomu likalipuka ndani ya msikiti wa ikulu. Saleh akaungua vibaya, akapelekwa Saudia kutibiwa, na bado akarudi.

Nchi za Ghuba ziliogopa. Huko Bahrain walishapeleka askari mwezi Machi kuyazima maandamano ya Manama. Hapa kwetu Oman pia watu waliandamana Sohar mwaka ule, Sultan Qaboos akabadilisha mawaziri na kuahidi ajira 50,000. Kwa Yemeni wakaona dawa ni mapatano, ndiyo ile karatasi ya Riyadh. Saleh aachie urais, makamu wake Abdrabbuh Mansur Hadi ashike nafasi, na Saleh na watu wake wasishtakiwe kwa lolote. Nusu ya mawaziri wakatoka chama chake, naye mwenyewe akabaki Sana'a, mwenyekiti wa chama. Mwanawe Ahmed Ali alikuwa mkuu wa Walinzi wa Jamhuri, kikosi chenye silaha bora kuliko vyote nchini. Alikuja kuondolewa na kupelekwa ubalozi Abu Dhabi mwaka 2013, lakini maofisa waliobaki kambini walikuwa wale wale.

Walimwondoa kwenye kiti, wakamwachia bunduki.

Vijana waliliona hilo siku ile ile. Mwezi Desemba 2011 maelfu walitoka Ta'iz kwa miguu kwenda Sana'a kuipinga ile kinga ya Saleh kutoshtakiwa, zaidi ya kilomita 250 za milima na baridi, wakiyaita Maandamano ya Uhai. Njiani wanavijiji waliwatolea mikate na mablanketi. Walipofika kwenye lango la mji walipigwa risasi, na wengine wakafa pale. Bunge likapitisha kinga mwezi uliofuata. Miongoni mwa waliotembea alikuwemo binti wa rafiki yake mume wangu, na alipokuja kwetu baadaye alinionyesha viatu vyake. Soli zimetoboka, na ndani amepachika kipande cha katoni ya maziwa. Nilimwuliza kwa nini hakuvitupa. Akanambia anavitunza mpaka kesi isikilizwe. Kesi ya nani, nikasema, kinga imeshapita. Akasema kinga si yake yeye kuitoa.

Yaliyofuata nitayapitia mbio. Lilifanyika Kongamano la Mazungumzo ya Kitaifa, wajumbe 565, kuanzia Machi 2013 mpaka Januari 2014. Kulikuwa na mazuri mengi mle, mimi silidharau hata kidogo. Lakini baada yake kamati ya Hadi iliamua nchi igawanywe majimbo sita, na jimbo waliloingizwa Wahouthi halikuwa na bahari wala mafuta. Watu wa Kusini nao walikataa, maana wao walikuwa nchi yao mpaka 1990 na vita vya 1994 baina yao na Kaskazini hawajavisahau. Juu ya hayo, mwisho wa Julai 2014 serikali ikaondoa ruzuku ya mafuta, bei zikaruka usiku mmoja, na Wahouthi wakapata kilio ambacho kila nyumba iliyaelewa maneno yake. Tarehe 21 Septemba 2014 waliingia Sana'a karibu bila kuzuiwa, kwa sababu askari waliokuwa bado wanamsikiliza Saleh walikaa pembeni. Yule aliyepewa kinga aliwafungulia lango maadui wake wa jana ili amkomoe Hadi.

Hadi akafungiwa nyumbani, akatorokea Aden, na Machi 2015 akapita kwetu Oman kwenda Riyadh. Tarehe 26 mwezi ule ndege za Saudia zikaanza kupiga, na nyuma yake Falme za Kiarabu, Misri, Sudan, Jordan, Morocco na wengine. Pakistan waliombwa, bunge lao likakataa. Katika nchi sita za Ghuba, Oman peke yake ndiyo haikuingia. Na Saleh? Mwishoni mwa 2017 aligeuka tena, akawaita Wasaudi wazungumze, na tarehe 4 Desemba Wahouthi wakamwua.

Kwa hiyo, mwanangu, ushindi ulikuwepo. Waliopanga masharti ya ushindi ni watu ambao hawakulala hemani hata usiku mmoja.

Kijana_wa_Bondeni

Shikamoo Bi Mwalimu. Nimeisoma kwa sauti barazani na leo watu walinyamaza kidogo. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha jahazi mpaka Shihr akasema hilo la Misri na Imamu analikumbuka vizuri.

Ila kuna swali lilibaki. Walisema Bi Mwalimu anaisafisha Iran. Na mimi bado sijajua kama vita vitaenea.

Mzigo_Kilindini

Hapo kwenye kuenea ninayo ya kusema, maana kwangu vilishafika. Nashughulika na kusafirisha parachichi kwenda Ulaya kwa meli. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi waliiteka meli ya Galaxy Leader kwa helikopta, video yake kila mtu aliiona, na ndani ya wiki chache makampuni makubwa ya meli yakaacha Bahari ya Shamu na kuanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Parachichi la Murang'a linavunwa likiwa gumu na linasafiri kwenye kontena la baridi kwa hesabu kali. Ukiongeza wiki mbili njiani, mnunuzi wa Rotterdam anafungua kontena, anabonyeza tunda moja kwa kidole gumba, linaingia. Anakupigia simu hapo hapo. Msimu wa 2024 wapo wakulima waliolipwa nusu ya walichotarajia na wapo ambao hawakulipwa kabisa, na wengi wao hawajui hata bandari ya Hudaydah ya Yemeni iko wapi.

Na mnakumbuka intaneti ilivyokuwa ikisuasua mwisho wa Februari 2024? Meli ya Rubymar ilipigwa kombora, mabaharia wakaiacha, ikawa inaelea huku nanga inaburura chini. Inaaminika nanga hiyo ndiyo iliyokata nyaya za mawasiliano baharini. Meli yenyewe ilizama mwanzoni mwa Machi na shehena yake ya mbolea. Misri nao walisema mapato ya Mfereji wa Suez yalipungua kwa takriban dola bilioni 7 mwaka 2024.

Wahouthi wanasema wanafanya kwa ajili ya Gaza. Gaza inaniuma mimi kama inavyomuuma kila mtu. Lakini mabaharia waliokufa kwenye meli ya True Confidence mwezi Machi 2024 walikuwa watu wa kazi tu, hawana neno na mtu.

Mwalimu_wa_Salalah

Marahaba mwanangu. Nawe Mzigo_Kilindini ahsante, hayo ya parachichi nilikuwa siyajui.

Iran siisafishi. Silaha zake zipo Yemeni. Majahazi yamekamatwa nazo baharini, na mabaki ya makombora yamekaguliwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Bila Iran, Wahouthi wasingeweza kufika Abu Dhabi wala Tel Aviv. Nisemacho ni kwamba Iran haikuuwasha ule moto wa Sa'ada. Ilikuta watu waliopigwa vita sita, vijiji vyao vimevunjwa, hakuna aliyewajengea, ikawaambia sisi tupo nanyi. Kila mgeni aliyeingia Yemeni aliingia kwa mlango wa namna hiyo. Saudia iliingia kwa mlango wa Hadi, Falme za Kiarabu kwa mlango wa watu wa Kusini wanaotaka nchi yao. Na wenyeji nao waliwatumia wageni, tusijifanye hawakujua. Wahouthi wenyewe wamefunga watu, wamewaingiza watoto vitani, wameteka wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Nimewasomesha watoto waliokimbia hayo.

Kuhusu kuenea, nakushangaa kidogo unavyouliza kana kwamba ni jambo la kesho. Hesabu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria watu 377,000 wamekufa Yemeni mpaka mwisho wa 2021, wengi wao si kwa risasi, ni kwa njaa na maradhi na kukosa dawa. Mwaka 2017 peke yake waliodhaniwa kuwa na kipindupindu walipindukia milioni moja. Nchi za kutoka Morocco mpaka Ghuba zilikuwemo. Hiyo ilikuwa vita ya eneo zima, ila waliokufa karibu wote walikuwa wa nchi moja, basi wengine wakaweza kulala. Kilichobadilika ni kwamba sasa makombora yanarudi. Abu Dhabi Januari 2022, Bahari ya Shamu tangu 2023. Bandari ya Hudaydah, mlango wa chakula cha mamilioni, imepigwa na Israel mara kwa mara tangu Julai 2024. Mwezi uliopita wamemwua waziri mkuu wa Wahouthi, Ahmed al-Rahawi, na mawaziri wenzake. Juni hii Israel na Iran wamepigana siku 12, na mazungumzo ya Iran na Marekani yalikuwa yaendelee hapa Maskati tarehe 15. Mabomu yakatangulia tarehe 13. Iran ikapiga kambi ya Marekani Qatar, na sasa Israel imepiga Doha, mji wa wapatanishi. Hili la kupiga wapatanishi ndilo linalonitia hofu mimi kuliko yote. Nani atakubali kuweka meza sebuleni kwake?

Hata hivyo mwezi Mei, Marekani na Wahouthi waliacha kupigana, na aliyewapatanisha alikuwa Oman. Saudia na Wahouthi hawajarudia vita vyao tangu mapatano ya Aprili 2022. Inawezekana, imefanyika, na waliofanya ni watu wenye majina na simu.

Ngoja nikwambie mimi ninaangalia nini, maana redio ya makombora nimeichoka. Naangalia mishahara. Septemba 2016 serikali ya Hadi ilihamisha Benki Kuu kutoka Sana'a kwenda Aden. Tangu hapo walimu wa sehemu za Wahouthi hawajalipwa mshahara kamili wa kila mwezi. Wanapewa nusu, mara moja moja, na miezi mingine hawapati kitu. Aden ikachapisha noti mpya, Wahouthi wakazipiga marufuku, na leo nchi moja ina riali mbili. Dereva mmoja wa lori alizimwaga zote mbili juu ya meza ya jikoni kwangu. Za zamani zimechakaa, zimeungwa kwa utepe, nyingine namba yake imefutika. Za Aden safi, zina harufu ya wino. Nikanyoosha mkono kwenye zile safi, naye akacheka. Kwa zile chakavu, dola moja ni riali mia tano na kitu. Kwa hizo nzuri, mwaka huu wa 2025 dola iliwahi kupita riali 2,000. Na akiingia nazo Sana'a ananyang'anywa. Sasa mtu huyo amlipe vipi mwalimu wa mwanawe Ibb, upande wa Wahouthi, akiwa amepakia mzigo Mukalla, upande wa Aden?

Desemba 2023 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Hans Grundberg, alitangaza kwamba pande zote zimeahidi hatua za kuwekwa kwenye ramani ya amani, na ndani yake limo suala la kulipa mishahara ya watumishi wote. Tulifurahi hapa, nilipiga simu kwa kila Myemeni niliyemjua. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yakazidi, ramani ikasimama. Haijafutwa, imesimama. Mwalimu asiyelipwa anaacha kusomesha, mwanafunzi wake akifika miaka 14 anachukuliwa na yeyote mwenye mkate na bunduki, na jeshi la vita vijavyo linapatikana hivyo. Vijana wa 2011 walidai hili pia, kazi na mshahara, kwenye mabango yao. Mkiona benki kuu mbili, ya Aden na ya Sana'a, zimekaa pamoja na walimu wa Hajjah na Dhamar wameanza kulipwa, hapo niulizeni tena kuhusu kuenea kwa vita, nitakuwa na jibu jingine.

Jamaa zenu wa Mukalla waulizeni umeme wanapata saa ngapi kwa siku, na bei ya gunia la unga. Mtaelewa hali yao zaidi kuliko kuwauliza siasa, na hawataogopa kujibu kwenye simu.

Na mwambie shangazi yako asimzuie kijana. Salalah, Septemba hii ya 2025, haimo vitani. Kharif, msimu wetu wa manyunyu, ndiyo kwanza inamalizika, milima bado kijani, barabara zimejaa magari ya Riyadh na Dubai na watu wanakunywa madafu kando ya njia. Ninachomwusia mimi ni karatasi. Mkataba wa kazi ausome wote kabla hajapanda ndege, ahakikishe umefanana na ule atakaotia saini huku, na aje kwa viza ya kazi, si ya matembezi. Pasipoti asimwachie mtu, na namba ya ubalozi wake aiandike mahali pengine mbali na simu. Akifika aje nyumbani Ijumaa ale wali. Niandikie pembeni nikupe namba yangu.